Barua yangu ya rufaa ilimgeuza mama kuwa mwanamume: nifanyeje na viwakilishi vya Kiingereza?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Wagonjwa tunazungumza nao Kiswahili, na wazee wengine Kisukuma, lakini mafaili, kitabu cha ripoti na barua za rufaa zote tunaandika kwa Kiingereza. Majina ya dawa na ya magonjwa hayanisumbui, kwa kuwa hayo tuliyasoma kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza chuoni. Kinachonisumbua ni yale maneno madogo: "he", "she", "him", "her", "it" na wenzao.

Miezi miwili iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, tulimpokea mama mmoja mwenye maumivu ya tumbo, na daktari wa zamu akaamua apelekwe hospitali ya rufaa. Daktari alijaza sehemu yake, nami nikaandika maelezo ya uuguzi kwa haraka huku dereva wa gari la wagonjwa amekwisha kuwasha injini. Nakala ninayo, na niliandika hivi: "The patient he was brought by her husband at night. He has a pain which she felt it for three days. We examined him with the doctor." Kulipopambazuka tulipigiwa simu kutoka huko wakiuliza kama karatasi hizo si za mgonjwa mwingine, kwa sababu kitandani alikuwapo mwanamke ilhali karatasi zilimzungumzia mwanamume. Mama yule alihudumiwa, namshukuru Mungu, lakini alisubiri mpaka jambo hilo lithibitishwe. Wakati wa kukabidhi zamu sentensi zangu zilisomwa kwa sauti mbele ya wenzangu, watu wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao, ila nilipofika nyumbani usingizi haukuja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanuni naijua. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza "she" ni nani, nitakujibu kabla sijafungua macho. Nimenunua kitabu cha sarufi na jedwali la viwakilishi nimelikariri lote, lakini nikishika kalamu kwa haraka makosa yanarudi. Mwenzangu mmoja amenishauri niachane na viwakilishi kabisa, niandike "the patient" kila mahali. Tena muuguzi kiongozi wetu amewahi kunikatia kwa wino mwekundu neno "they" nililolitumia kwa mtu mmoja, na mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa naandika ripoti ya mwezi ya wodi nzima. Je, huu ni uvivu wangu, au kuna jambo ambalo sikufundishwa? Na nianzie wapi?

Muuguzi wa zamu ya usiku

JIBU

Marahaba, Sista.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na zile sentensi zako tatu pembeni, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo msemaji wa Kiswahili huyafanya katika viwakilishi vya Kiingereza. Si uvivu. Mtu mvivu hukosea ovyo ovyo, leo hivi na kesho vingine, ilhali wewe unakosea kwa utaratibu: unaiandika sarufi ya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Ndiyo maana jedwali ulilolikariri halikukusaidia. Jedwali linakuambia maana ya "she", jambo unalolijua, lakini halikuambii kwamba mkono wako umelelewa na lugha isiyouliza swali hilo kamwe.

Tuanze na hilo la mama kugeuka mwanamume. Tunaposema "alilazwa jana", kiambishi "a-" kinatuambia kwamba tunamzungumzia mtu mmoja, basi. Kama ni mwanamke au mwanamume, Kiswahili hakijali, na "yeye", "-m-" na "-ake" navyo havijali. Unaweza kusimulia ugonjwa wa mtu kuanzia mapokezi hadi siku ya kuruhusiwa bila kuamua hata mara moja kuwa ni wa jinsia gani, na hakuna msikilizaji atakayehisi kuwa kuna jambo umelificha. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo: kila unapomtaja mtu mmoja anayejulikana kwa kiwakilishi cha nafsi ya tatu, unalazimika kuamua papo hapo. Kwa hiyo unapoandika kwa haraka, kichwani kinakuja "a-" kisicho na jinsia, na mkono unachukua lililo karibu, ambalo kwa wengi wetu ni "he". Nimefundisha Kiingereza shule za sekondari kwa miaka mingi, na bado niliwahi kusimama mbele ya wageni nikamtambulisha mke wangu, naye yupo hapo hapo pembeni yangu, kisha nikaendelea na "he is also a teacher". Alinitazama tu.

Dawa yake inatokana na chanzo chake. Usijaribu kuwaza jinsia upya katika kila sentensi, maana ukiwa na wagonjwa ishirini na dereva anayepiga honi hutaweza. Amua mara moja tu, kabla ya sentensi ya kwanza. Kwenye fomu ipo sehemu ya jinsia: ijaze kwanza, kisha pembeni kwa penseli andika "she/her" au "he/him/his", na uyaache hapo mpaka umalize. Ukishamaliza, pitia maandishi ukitafuta jambo hilo moja tu, bila kuhangaika na tahajia wala nyakati za vitenzi.

Ushauri wa mwenzako wa kuandika "the patient" kila mahali si mbaya, na kwenye barua ya rufaa inayoandikwa usiku mimi ningeufuata bila aibu, kwa kuwa usalama wa mgonjwa unatangulia uzuri wa lugha. Pia kuna mahali ambapo ni lazima urudie nomino hata kama unavijua viwakilishi vyote. Chukua wodi ya wazazi, mama na mtoto wake wa kike. Ukiandika "She was given medicine and she slept well", nani alipewa dawa, na nani alilala? Sarufi haina kosa, lakini muuguzi wa zamu inayofuata hajui lolote. Andika "the mother" na "the baby". Ila ripoti ya mwezi yenye "the patient" mara nane katika aya moja inachosha, na zaidi ya hapo inakunyima chombo kizuri ambacho Kiswahili hakina.

Chombo chenyewe ni hiki. Sema mume wa mgonjwa ameleta kadi ya bima. Kwa Kiswahili tunasema "mume wa mgonjwa ameleta kadi yake", kisha mtu wa dirishani anauliza: kadi ya nani, ya mume au ya mgonjwa? Kwa Kiingereza, "The patient's husband brought his card" inaelekea moja kwa moja kwenye kadi ya mume, na "brought her card" inaelekea kwenye kadi ya mgonjwa. Herufi tatu zimelimaliza swali. Lakini hapo hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu kimilikishi cha Kiswahili hukifuata kitu kinachomilikiwa: kitanda chake, dawa yake, mke wake. Mwanafunzi akifika kwenye neno "wife" anaona mwanamke mbele yake na mkono unaandika "her", ndiyo maana madaftari yamejaa waume wanaokuja na "her wife". Kiingereza hakikitazami kinachomilikiwa, kinamtazama mwenye mali. Mwenye mke ni mwanamume, basi ni "his wife". Angalia kwamba katika barua yako uliandika "her husband" sawasawa, ingawa neno la nyuma yake lilikuwa "he". Bila shaka ulimwona mama akiwa na mumewe, na picha ikakuongoza.

Kosa lako la pili limejificha katika "The patient he was brought". Hata ungeandika "she", sentensi ingebaki na kasoro. Katika Kiswahili, "mgonjwa aliletwa" ni lazima iwe na "a-": nomino na kiambishi huishi pamoja, na ukikitoa kiambishi kitenzi hakisemeki. Ukiitafsiri kipande kwa kipande unapata "mgonjwa, a-, letwa", yaani "the patient, he, was brought". Lakini kiwakilishi cha Kiingereza hufanya kazi ya kushika zamu: kinaingia pale nomino inapotoka. Wewe unajua zaidi yangu kwamba wauguzi wawili hawawekwi kwenye zamu moja ya mtu mmoja. Kwa hiyo ni "The patient was brought", kisha katika sentensi inayofuata, mgonjwa akiwa ameshafahamika, "She was...". Utawasikia wenye lugha yao wakisema "my brother, he never listens" wanapopiga soga, na hilo wanalifanya kwa kusisitiza, lakini hawaliandiki kwenye ripoti.

Kosa la tatu ni ndugu wa hilo, nalo ndilo gumu zaidi kulikamata kwa sababu katika Kiswahili ni usahihi mtupu. "Maumivu ambayo aliyasikia kwa siku tatu": ile "-ya-" ndani ya "aliyasikia" inayarejelea maumivu, na hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeikata. Wewe ukaibeba na kuandika "a pain which she felt it". Katika Kiingereza neno "which" lenyewe limekwisha kukalia kiti cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa, kwa hiyo "it" inabaki imesimama bila mahali pa kukaa. "The medicine which I gave her it", "the man whom I saw him", "the form that I signed it" zote zina ugonjwa huo huo. Ukikuta "which", "that", "who" au "whom" inayorejelea nomino, soma mpaka mwisho wa kishazi chake na uulize kama kuna "it", "him", "her" (isiyo kimilikishi) au "them" inayorejelea kitu kile kile. Kama ipo, ifute. Kipimo hiki nimekitumia kwa wanafunzi wa kila aina, na sijui kingine kinachofanya kazi haraka kama hicho.

Usije ukafuta kupita kiasi, kwani Kiingereza kina kinyume chake pia. Mtu akikuuliza "Umeleta faili?" unajibu "Nimeleta", nasi sote tunaelewa. "I have brought" peke yake inamwacha msikilizaji wa Kiingereza akingoja umalizie, kwa hiyo ni "I have brought it". Vivyo hivyo "inaonekana kidonda kinapona" haiwezi kuwa "Seems that the wound is healing" katika maandishi rasmi, sharti iwe "It seems", ingawa ile "it" haimrejelei mtu wala kitu chochote. Ukiacha amri, kitenzi cha Kiingereza hakitembei bila kiima, hata kama kiima chenyewe ni gunia tupu.

Sasa "We examined him with the doctor". Hili halikuchekesha mtu yeyote asubuhi ile, na mimi naliona ndilo la kuvutia kuliko yote. Kiswahili kinaruhusu "tulimpima na daktari" kwa maana ya watu wawili, mimi na daktari: ule wingi wa "tu-" umekwisha kumjumlisha anayetajwa baada ya "na". Kadhalika "tulikwenda na mama" inaweza kuwa safari ya watu wawili tu. Msomaji wa Kiingereza hahesabu hivyo. Kwake "we" ni watu wawili au zaidi, kisha daktari anaongezwa juu yao, kwa hiyo anaona angalau watu watatu kando ya kitanda. Isitoshe, "examined with" inaweza kusomeka kama ulimpima mgonjwa kwa kutumia daktari, kana kwamba daktari ni kipimajoto. Katika barua ya rufaa, idadi ya waliompima mgonjwa na vyeo vyao si jambo dogo. Andika "The doctor and I examined her".

Hapo utaniuliza: ni "the doctor and I" au "the doctor and me"? "Mimi" ya Kiswahili haibadiliki, iwe inatenda au inatendewa, ndiyo sababu tunababaika. Mwondoe daktari kwenye sentensi, kisha sikiliza. "I examined her" inasimama, kwa hiyo ni "The doctor and I examined her". "The matron called me" inasimama na "called I" haisimami, kwa hiyo ni "The matron called the doctor and me". Baadhi ya watu waliokemewa utotoni kwa kusema "me and my friend" wanaikwepa "me" hata mahali pake, wakaishia kuandika "between you and I", au wakakimbilia "myself" wakidhani ina heshima zaidi, kama katika "please inform the doctor or myself". Waingereza na Wamarekani wenyewe wamejaa humo, kwa hiyo hapa usijione mgeni. Na ile "Me, I think" tunayoisikia sana huku kwetu ni "Mimi nadhani" iliyovaa koti. Mazungumzoni haina neno, ripotini iache.

Kuhusu "themselves" na "each other" sitasema mengi, kwa sababu Kiswahili kinakusaidia. Ndugu wa mgonjwa "walijilaumu" ni "blamed themselves", na "walilaumiana" ni "blamed each other". Ukijiuliza kwanza kwa Kiswahili, hutakosea.

"Its" na "it's" ni suala la tahajia tu. Yenye ritifaa, ile alama tunayoiweka katika "ng'ombe", ni kifupi cha "it is" au "it has", na isiyo nayo ni kimilikishi. Katika ripoti rasmi vifupi havitakiwi, kwa hiyo ukiandika "it is" kwa kirefu daima, tatizo lenyewe litakuwa limekufa. Wanaokucheka kwa hili wangeshangaa kujua kwamba neno hilo ni changa: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilipochapishwa haikuwa na "its" hata moja, na kwa muda mrefu baada ya hapo waandishi wengi walikiandika kimilikishi hicho pamoja na ritifaa bila kukemewa na mtu.

Na lile "they" lililokatwa kwa wino mwekundu? Inategemea uliliandika wapi, na hilo hukunieleza. Kama uliandika jambo kama "Any relative who stays overnight must bring their own bedding", hukukosea. Matumizi ya "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana yana karne nyingi katika Kiingereza. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka, na mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, katika toleo lake la saba la mwaka huo huo, uliyaidhinisha matumizi hayo. Kwa sisi tuliozoea "yeye", ni ajabu kidogo kuwaona wenzetu wakigombana kwa miaka yote hiyo wakitafuta neno ambalo tulizaliwa nalo. Lakini kama uliandika "they" kwa mgonjwa mmoja aliyelala kitanda namba sita na jinsia yake imejazwa kwenye faili, hapo muuguzi kiongozi alikuwa na haki, kwa sababu msomaji angedhani wagonjwa ni wawili. Na kama bado halitaki hata pale linaporuhusiwa, usishindane naye: geuza sentensi iwe ya wingi, "Relatives who stay overnight must bring their own bedding", nanyi nyote mtakuwa mmeridhika.

Umeuliza uanzie wapi. Chukua ripoti zako tatu za zamani, ukae nazo nyumbani siku ya mapumziko. Kwa penseli piga mstari chini ya kila kiwakilishi, na juu yake andika kinamrejelea nani au nini: mama, mume, kadi, kidonda. Ukipata jina moja lisilo na shaka, angalia kama jinsia inalingana nalo. Ukipata majina mawili, kifute kiwakilishi urudishe nomino. Ukikuta nomino ile ile tayari iko jirani katika kishazi hicho hicho, na kiwakilishi si kimilikishi kama "her" ya "her husband", basi kimezidi. Kazi hiyo ni ya baada ya kuandika. Usiifanye kalamu ikiwa mkononi, kwa maana utasita kila neno na dereva ataondoka. Katika mazungumzo usijitese hata kidogo: "he" ikikuponyoka, sema "sorry, she" na uendelee, kama anavyofanya kila mtu mwenye lugha zaidi ya moja.

Ile barua yako nimeipitia kwa namna hiyo hiyo. Ilikuwa na viwakilishi saba vya nafsi, na vimebaki vinne: "The patient was brought by her husband at night. She had had pain in the abdomen for three days. The doctor and I examined her." Neno "abdomen" nimeliongeza mimi, kwa kuwa ulinieleza kwamba ni maumivu ya tumbo, lakini wao kwenye karatasi hukuwaambia.